TSH 47, chai ya maziwa na vidonge vya damu

Karatasi ya kwanza ya maabara ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne ipo kwenye pochi, na pale mbele ya neno TSH pameandikwa 47.2 alafu pembeni kuna herufi H imekolezwa wino. Mi nikajua H maana yake iko juu, hapo sikukosea, ila nikaenda mbele nikajipa na tafsiri kabisa: thairoidi yangu iko juu, inachapa kazi kupita kiasi. Basi nimekaa kwenye daladala narudi Tabata nikaingia Google nikaanza kusoma habari za thairoidi iliyozidi, moyo kwenda mbio, kukonda, jasho, macho kutoka nje, nikawa najiangalia kwenye kioo cha simu nasema mbona mi nimenenepa, mbona mi nasikia baridi Dar es Salaam mwezi wa kwanza, wenzangu wanalia joto mi feni nimezima nimejifunika shuka mpaka kichwani?

Siku mbili nilikaa na hiyo tafsiri yangu mpaka siku ya kuonana na dokta ndo nikaambiwa nimesoma kinyume. TSH ikiwa juu, thairoidi iko chini. Dah.

Naandika hii kwa sababu kila mwezi sikosi mtu anayenitumia picha ya majibu yake WhatsApp, "dada hebu nisomee", na karibu wote wamekosea palepale nilipokosea mimi. Mi si daktari, ni mgonjwa tu mwenye karatasi nyingi, kwa hiyo soma kama unavyomsikiliza mtu mmekaa naye kwenye benchi la hospitali mnasubiri kuitwa.

Kabla ya hiyo karatasi nilikuwa na mwaka mzima wa ajabu. Usingizi, yaani si uchovu wa kawaida, nalala masaa tisa naamka kama nimebeba matofali usiku kucha. Choo kwa shida. Ngozi ya miguu kama ya mtu aliyetoka kufinyanga, nywele zinabaki kwenye kitana, nyusi zimeisha huku pembeni nikawa nachora na wanja. Sauti ikawa nzito mpaka siku moja nikampigia shangazi Tanga akaniitikia kwa jina la kaka yangu. Uzito ukapanda, ofisini wananiambia ndoa imenikubali, na mi nacheka nao huku nasahau majina ya watu niliofanya nao kazi miaka sita. Alafu hedhi, siku nane, tisa, nzito, nikapimwa damu nikaambiwa iko chini, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Hivyo vidonge vya damu viweke akilini, tutavirudia, maana ndo vilikuja kuniharibia karibu mwaka.

Sasa TSH ni nini. Thairoidi ni tezi iko hapa shingoni mbele, umbo lake watu wanalifananisha na kipepeo, inatengeneza homoni ambayo kubwa yake inaitwa T4, hiyo T4 mwili unaigeuza kuwa T3, na T3 ndo inaingia kwenye seli kufanya kazi yenyewe, joto la mwili, mapigo ya moyo, utumbo kusukuma chakula, ngozi, hedhi, akili, kila mahali. TSH haitoki kwenye thairoidi kabisa. Inatoka kwenye tezi nyingine ndogo sana iko chini ya ubongo, pituitari, na kazi yake ni kuiita thairoidi ifanye kazi.

Mi naielewa hivi. Mama yuko jikoni anakuita uende dukani. Ukiitika mara ya kwanza anaita kwa sauti ya kawaida tu, yameisha. Usipoitika anapaza. Ukiendelea kukaa kimya anapaza zaidi, jirani anasikia, mwisho anatoka na mwiko mkononi. TSH ni sauti ya mama. T4 ni wewe unayeitika. Mtu akiwa na TSH 2, nyumbani kuna amani. Mi nilikuwa na 47, mama yuko mlangoni na mwiko na mtoto hata hasikii. Na ukiona TSH iko chini sana, 0.01 huko, maana yake mara nyingi homoni zimejaa mpaka mama ameona hakuna haja hata ya kufungua mdomo. Ile ndo thairoidi iliyozidi niliyokuwa naisoma kwenye daladala.

Ndo maana namba ya TSH peke yake haitoshi mara ya kwanza, wanapima na T4, ile iliyo huru kwenye damu, kwenye karatasi utaona FT4. Yangu ilikuwa 5.9 na maabara ile wanataka iwe kati ya 12 na 22. Kwa hiyo sauti juu, mwitikaji chini, hapo hamna ubishi. Kuna watu wanakutwa TSH 6 au 7 lakini FT4 yao iko sawa kabisa, jirani yangu mmoja ni hivyo, huyo dokta hakumwanzishia dawa, alimwambia arudi baada ya miezi miwili mitatu wapime tena maana TSH inaweza kupanda kidogo tu ukiwa umetoka kuumwa alafu ikashuka yenyewe. Ikipita 10 ndo wengi wanaanzishiwa dawa hata kama T4 bado inajikongoja. Na usichukue renji ya maabara ya rafiki yako ukaiweka kwenye majibu yako. TSH kwa watu wazima ni kama 0.4 mpaka 4 hivi, lakini kila maabara ina mashine yake na renji yake imechapwa palepale pembeni, soma hiyo. Kwenye FT4 ndo balaa zaidi kwa sababu kuna maabara zinaandika kwa pikomoli, nyingine kwa nanogramu, mtu ana 1.2 anaona mwenzake ana 15 anaanza kulia, kumbe wako karibu sawa. Moja ya nanogramu ni kama kumi na tatu ya pikomoli.

Nikapimwa na kinga pia, anti-TPO, ikawa juu mno, maana yake kinga ya mwili wangu mwenyewe ndo inaila thairoidi. Ugonjwa unaitwa Hashimoto. Mi nilivyosikia hilo jina nikajua ni pikipiki. Kumbe ni daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliandika habari za wagonjwa wanne, wote wanawake, mwaka 1912. Kinga hiyo haipimwi kila mara, ukishajua unayo unayo, kurudiarudia ni kupoteza hela.

Dawa ni levothairoksini. Ni T4 ileile, imetengenezwa kiwandani, ndo maana mi nakasirika mtu akiniambia "umeanza kula makemikali", we hiyo kemikali unayo shingoni mwako bure. Mimi napewa Euthyrox, wengine wana majina mengine, ndani ni kitu kilekile. Inapimwa kwa mikrogramu, si miligramu, na hapa angalia vizuri kwa sababu kuna maboksi yameandikwa 50 na mengine 0.05, ni dawa moja, mikrogramu 50 ndo miligramu 0.05. Dokta akaniambia mtu ambaye tezi yake imezima kabisa anahitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, mi nina kilo 68, kwa hiyo hesabu inakuja kwenye 109 hivi, lakini akaanza na 50 kwanza kwa sababu nimekaa muda mrefu bila homoni na moyo wangu ulikuwa unapiga taratibu sana hakutaka kuushtua. Mzee au mtu wa moyo wanaanza chini zaidi ya hapo.

Akaniambia nirudi baada ya wiki sita. Mi nikarudi baada ya siku kumi, nalalamika sijapona. Akacheka. T4 inakaa mwilini muda mrefu, ukimeza leo baada ya siku kama saba nusu yake bado iko kwenye damu, kwa hiyo kila ukibadilisha dozi inachukua wiki tano sita mpaka damu itulie, na mama naye wa kule jikoni hanyamazi siku moja, alishazoea kupiga kelele. Ukipima kabla ya wiki sita unapima vurugu.

Wiki ya sita: TSH 24.8. Imeshuka, safi. Akapandisha 100.

Wiki nane baadaye: 15.3. Mh. Na FT4 10.9, bado iko chini. Akapandisha 125.

Wiki nane tena: 12.6. Hapo dokta akaniangalia kwa jicho lile, akaniuliza "mama, dawa unameza kweli?" Nikaapa. Na nilikuwa nameza, wallahi sikuruka hata siku, alamu ya simu inalia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akapandisha 150, akaandika kitu kwenye faili, nikajua kaandika mgonjwa mwongo.

Nikaenda famasi mtaani kuchukua hizo za 150. Pale kuna mzee mmoja wa miaka mingi, mvi kichwa kizima, namwamkia shikamoo anaitikia marahaba binti yangu huku anasoma cheti. Akaangalia dozi, akaniangalia mimi na wembamba wangu niliokuwa nimeanza kuurudia, akauliza, hii unaimeza na nini? Nikamwambia na chai. Chai gani? Ya maziwa. Na nini kingine? Na maandazi, na vidonge vya damu, maana niliambiwa vyote asubuhi kwa hiyo naviweka mkononi pamoja nameza mara moja naondoka kazini.

Yule mzee akavua miwani. "Binti yangu, hiyo hela yako unaitupa chooni."

Ndo akanielezea. Vidonge vya damu ni madini ya chuma, na chuma inaikamata ile dawa humohumo tumboni, zinashikana, hazipiti kuingia kwenye damu, zinatoka zote. Kalsiamu hivyohivyo, na maziwa yana kalsiamu. Dawa za kiungulia zile za kutafuna hivyohivyo. Kahawa nayo inapunguza. Kwa hiyo mi nilikuwa nimeandikiwa 125 lakini mwili ulikuwa unapata labda nusu, na sehemu kubwa nimeigawia vidonge vya damu na chai. Na hamna aliyeniuliza. Aliyeniandikia vidonge vya damu alikuwa kliniki nyingine, aliyeniandikia ya thairoidi hospitali nyingine, na mimi katikati naona aibu kuuliza maswali kwa sababu foleni nje ni ndefu. Sijui nimlaumu nani hapo, mwenyewe nimo.

Sheria aliyonipa ndo ninayoishi nayo: kidonge cha thairoidi tumbo likiwa tupu, na maji matupu, alafu subiri nusu saa kwa uchache, ukiweza lisaa, ndo unywe chai. Vidonge vya damu au kalsiamu mbali, masaa manne. Mi nikahamishia vya damu usiku saa nne kabla ya kulala.

Alafu ndo nikafanya kosa la pili, ambalo naona watu hawalisemi. Nilirekebisha kumeza lakini nikaendelea na 150 bila kumwambia dokta. Si dozi imeandikwa? Sasa fikiria, ile 150 ilipandishwa kwa ajili ya mtu anayepoteza nusu ya dawa. Leo sipotezi. Wiki ya kwanza nilikuwa malaika, nafua, napiga deki, nimepaka rangi geti. Wiki ya tano moyo unanidunda nimelala, mikono inatetemeka nikishika kikombe, usingizi hamna, nagombana na kondakta kwa shilingi mia. Nikapima wiki ya saba: TSH 0.04, FT4 27. Sasa nilikuwa kwelikweli yule mtu niliyemsoma kwenye daladala. Dokta akasema ukikaa hivyo muda mrefu moyo unaweza kupoteza mdundo wake na mifupa inaliwa, hasa kwa mwanamke. Ndo nikatoa siri ya chai na vidonge vya damu, akashika kichwa, akaniteremsha mpaka 100. Wiki nane baadaye 2.1. Nimekaa hapohapo mpaka leo, inacheza kati ya moja na nusu na tatu, sigusi.

Kwa hiyo mtu akinitumia picha ya majibu, swali langu la kwanza si namba. Ni: unameza saa ngapi, na nini, na baada ya muda gani unakula. TSH 12 ya mtu anayemeza na chai na TSH 12 ya mtu anayemeza na maji ni magonjwa mawili tofauti, wa kwanza anahitaji kuhamisha chai na wa pili anahitaji dozi. Na ukibadilisha namna ya kumeza, toa taarifa, pimwa, usijifanye bubu kama mimi.

Vitu vingine vya jikoni kwetu ambavyo nimevigundua njiani. Uji wa lishe. Tunaona ni ulezi, ni afya, lakini unga mwingi wa lishe una soya ndani, na soya nayo inazuia dawa kunyonywa, kwa hiyo uji sijauacha ila nakunywa baadaye, saa nne nikishafika kazini. Kabichi, hilo kila mtu ananikataza, "usile kabichi", mi nakula, imepikwa, kiasi cha kawaida, haijanifanya kitu. Muhogo ni habari yenye ukweli ndani yake ila si kwa sahani moja ya futari. Ukila muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri, kila siku, na eneo lenyewe halina madini joto kwenye chakula, hapo tezi inabanwa kweli, kisiwa cha Idjwi huko ziwa Kivu Kongo kilichunguzwa sana na watafiti kwa jambo hilo, watu wengi walikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni.

Rovu nimelijua utotoni bila kujua ni nini. Bibi mzaa mama alikuwa Njombe, alikuwa nalo shingoni kubwa kama limau, na si yeye peke yake, kijijini mabibi kadhaa walikuwa nalo, sisi wajukuu tuliona ni mapambo ya uzee. Kule nyanda za juu ardhi ina upungufu wa madini joto, tezi inahangaika kutafuta inavimba. Ndo chumvi ikaja kuwekwa madini joto kwa sheria, Tanzania ni miaka ya tisini katikati huko, na sasa hivi watoto wa kijiji kilekile shingo zao ni shingo tu. Ila yangu mimi si ya chumvi. Mama alivyosikia thairoidi akaja na pakiti mbili za chumvi, akaniwekea kwenye kila kitu, nikamwambia mama yangu, chumvi yenye madini joto naila siku zote, yangu ni kinga inakula tezi, ukiongeza madini joto hauongezi kitu. Na ikizidi inaweza kuharibu zaidi kwa watu wa Hashimoto. Kwa hiyo wale mnaonitumia matangazo ya juisi ya mwani "inatibu thairoidi", mwani wa Zanzibar naupenda, sabuni yake naipaka, lakini kunywa kila asubuhi kitu ambacho madini joto yake hayapimiki kwa kijiko, hapana.

Na nyingine inayofanana na hiyo, vidonge vya nywele na kucha. Nywele zikikatika mtu ananunua hivyo vyenye bayotini nyingi, mikrogramu elfu kumi kwa kidonge. Bayotini haiharibu tezi, inadanganya mashine ya maabara. Mwenzangu mmoja kazini TSH yake ilisoma chini na T4 juu, wakataka kumpunguzia dozi wakati mwenyewe amevimba uso na anasinzia kwenye kiti, nikamuuliza nywele zako unazitunzaje siku hizi. Akaacha vile vidonge siku kadhaa akapima upya, namba zikarudi kusema kile ambacho uso wake ulikuwa unasema. Siku mbili kabla ya kupima aviache, na maabara uwaambie.

Dawa yenyewe haipendi joto. Boksi langu limeandikwa isizidi nyuzi 25, sasa niambie Dar nyuzi 25 utaipata wapi. Nilikuwa naweka juu ya friji, kumbe juu ya friji ndo pana joto kuliko kabati la chumbani. Sasa hivi nanunua ya mwezi mmoja mmoja, sitoi kidonge kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kumeza, siweki kwenye pochi, siachi kwenye gari.

Ramadhani. Hili naulizwa kuliko yote, na jibu si kuacha dawa mwezi mzima, tafadhali. Ukiacha hausikii kitu wiki ya kwanza kwa sababu ile ya zamani bado iko kwenye damu, unajiona mzima, alafu inakukuta kwenye Idd huwezi hata kukaanga vitumbua. Kuna wanaomeza wakati wa kulala, masaa matatu baada ya kula mara ya mwisho, ni sawa kabisa. Mi imenishinda kwa sababu baada ya tarawehe nyumbani ndo chakula chenyewe kinaanza. Kwa hiyo naweka alamu saa tisa na nusu usiku, maji ya glasi yako pembeni ya kitanda, nameza, narudi kulala, saa kumi na kitu naamka kula daku. Na maziwa ya daku nimeyatoa. Mwaka wa kwanza nilipima baada ya Idd, 2.6, nikamshukuru Mungu.

Mdogo wangu naye akakutwa nayo, hii kitu inatembea kwenye familia, hasa wanawake. Yeye alikuwa yuko sawa na 75, akapata ujauzito, hakumwambia mtu mpaka wiki ya kumi na tatu kwa mambo yetu yale ya kuogopa macho. Nilivyojua nilimgombeza mpaka akalia. Ukiwa mjamzito mwili unataka homoni zaidi, theluthi hivi juu ya ile uliyozoea, na unaitaka mwanzoni, kwa sababu mtoto miezi ya kwanza hana tezi inayofanya kazi, anatumia ya mama kujenga ubongo. Ukiona hujaziona siku zako na una thairoidi, ni simu kwa dokta wiki hiyohiyo, na kupima kila wiki nne mpaka mimba ifike katikati. Alafu sasa kliniki ya wajawazito kila mtu anapewa nini? Vidonge vya damu. Na yeye akawa anameza pamoja, asubuhi, na chai. Nilitamani kumpeleka kwa mzee wa famasi akamvulie miwani. Mtoto alizaliwa salama, ana miaka miwili, ana mdomo kuliko familia nzima.

Usiitumie hii dawa kupunguza mwili. Kuna dada alinifuata inboksi anataka "zile za thairoidi za kukondesha". Nilimsimulia wiki zangu saba za 0.04, na yeye hana ugonjwa wowote, tezi yake inajitosheleza.

Kitu kimoja kinanifariji siku nikichoka kuwa mtu wa kidonge maisha yote. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle, George Murray, alichukua tezi za kondoo akazikamua akamdunga mama mmoja aliyekuwa amevimba na amepoa kabisa, na yule mama akaamka, akaishi miaka ishirini na nane mingine. Kondoo baada ya kondoo. Mi napewa kidonge kidogo kuliko punje ya choroko, nyeupe, hakina ladha.

Ukisahau kwa bahati mbaya siku moja usijipige kifua, sehemu kubwa ya dawa ya jana na juzi bado unayo mwilini, mi niliambiwa nikikumbuka siku ileile tumbo likiwa tupu nimeze, na usifanye mchezo wa kuruka ruka tu. Nilijaribu wiki moja kuruka Jumamosi na Jumapili "kupumzisha mwili", mwili haukupumzika, nilipumzika mimi, kwenye kochi, Jumatano yote.

Jumatatu naenda kupima tena, ni miezi sita imepita, sasa hivi nikiwa nimetulia napima mara moja au mbili kwa mwaka. Naenda asubuhi mapema kama siku zote, maana TSH inapanda usiku na kushuka mchana, ukipima leo saa mbili asubuhi na mara nyingine saa tisa alasiri unalinganisha vitu viwili. Na kidonge cha siku hiyo sitameza kabla, nakifunga kwenye tishu na karatasi yake nakwenda nacho, wakishatoa damu ndo nameza pale kwenye benchi na maji ya chupa. Alafu nakaa nusu saa naangalia watu wanaokunywa chai ya mama lishe pale getini, na andazi la moto, nahesabu dakika.